Ujumbe kwa Simu ya Torvald

Saa tisa usiku nikafungua jokofu
la nyuzi themanini chini ya sifuri.
Rafu ya nne, sanduku la bati, mfuko bapa
mgumu kama kigae:
Bäcklin, Torvald. Umeå. Tarehe ya kutoa, Februari, miaka tisa nyuma.
Tarehe ya kufa haiandikwi kwenye lebo.

Nilimjua. Dereva wa gari la kusukuma theluji
barabara ya Vindeln,
mishipa minene, ya huruma,
mwanagenzi yeyote aliipata kwa sindano ya kwanza.
Fomu aliijaza kwa herufi kubwa, polepole,
kama mtu anayeapa:
umesafiri wapi, umemeza dawa gani, umelala na nani,
umechorwa ngozi miezi minne hii?
Mwaka mmoja akaandika NDIYO.
Akapandisha mkono wa shati: jina la mbwa wake aliyekufa,
wino bado una magaga.
Nikamwambia rudi baada ya miezi minne.
Akanuna kama mtoto aliyenyimwa ubwabwa.
Siku ilipotimia, kabla hatujafungua mlango,
alikuwa nje, na mkate wa mdalasini kwapani.

Damu yake hailingani na ya kila mtu.
Panga mji mzima mstari mmoja
huenda usimpate mwenziwe.
Huku, kando ya mto huu, wapo wachache,
na wanawake wao mimba ziliwatoka, moja, mbili, tatu,
na miaka mingi waliambiwa ni mkosi
mpaka mtu mmoja akaweka tone chini ya hadubini
akaona mwili unavyomkataa mgeni wake.

Usiku huu yupo mmoja juu, mimba ya sita.
Haina mkubwa wake.
Anavuja.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Mimi huiosha kwa maji ya chumvi, mara moja, mara tatu,
hadi gliserini iishe,
na mashine inazunguka, na mimi nasimama
nikihesabu kwa vidole ndani ya glavu.
Vipimo vya leo havikuwapo mwaka ule,
basi kichupa chake cha akiba nacho nikakiyeyusha,
nikamuuliza marehemu yale ambayo
alipokuwa hai hatukujua kuyauliza.
Akajibu hapana.
Hapana.
Hapana.

Undugu ni kufaana, si kufanana;
lakini kwa kundi hili, mama,
asiyefanana nawe hakufai,
na anayekufaa hukupata kumwona.

Saa mbili asubuhi mfumo ukatuma ujumbe
kama unavyowatumia wote:
*Asante. Damu yako imetumika leo.*
Hakuna aliyefuta namba.

Alfhild, mjane wake, huichaji simu ile kila Jumapili,
hajui kwa nini.
Akanipigia. Nilijiandaa kwa kilio, au matusi.
"Yuko wapi?" akauliza.
Nikasema sheria hainiruhusu kutaja nani.
"Sijauliza nani."
Nikanyamaza. Kisha nikasema: ghorofa ya tano,
upande wa mto.
"Ajabu. Hakupenda lifti."
Nikasikia kijiko kikigonga kikombe,
muda mrefu, kuliko sukari yoyote inavyohitaji.
"Amebaki kiasi gani?"
Mfuko mmoja, nikasema.
"Msiutupe."

Presha ya yule wa juu imepanda kidogo.
Zaidi ya hapo sijaambiwa; maabara hupewa nambari, haipewi habari.
Nimeandika ripoti, nimevua glavu.
Kwenye kompyuta kuna kisanduku kidogo:
*Mtoaji amefariki. Futa namba ya simu?*

Nje gari la theluji linapita, kijana fulani analiendesha,
anakata kona vibaya.
Kisanduku nimekiacha wazi.